Buti za baridi ya Minneapolis: soksi moja, si tatu

Januari ya Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri si ajabu, na anayesubiri basi huumia vidole vya miguu kabla ya kitu kingine, kwa kuwa baridi hupanda kutoka chini. Kosa kubwa ni kurundika soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana: damu haipiti vizuri, na ile hewa inayotunza joto inakosa nafasi. Nunua buti zilizozidi nusu saizi au saizi nzima, zenye soli nene ya mpira, uvae soksi moja nzito ya sufu. Vidole lazima vicheze. Soksi za pamba ziache kabisa. Zikilowa jasho hazikauki, na hapo ndipo mguu hupoa haraka. Kila jioni toa soli ya ndani uianike, lakini mbali na hita, maana joto kali hubandua gundi.

Kidole kikifa ganzi na kupauka, ingia ndani. Tafadhali usikisugue wala usikiote moto, kwani hakihisi kikiungua. Kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, kwa nusu saa. Rangi isiporudi, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali.