Kitenzi "happen": hatua za kukielewa na kukitumia, pamoja na maswali ya wanachama

Kitenzi cha Kiingereza "happen" hufundishwa mapema, na kwa kawaida mwanafunzi hupewa tafsiri moja tu, yaani "kutokea", kisha huachwa aendelee nayo hadi chuo kikuu. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ndiyo inayozaa makosa mengi ya watu wanaoandika Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili, kwa sababu "kutokea" ni kitenzi kipana kuliko "happen" na tena kina kauli ambazo mwenzake hana.

Hatua ya kwanza: tenganisha maana za "kutokea"

"Kutokea" ni "kutoka" katika kauli ya kutendea, na kwa hiyo kimebeba mizigo kadhaa kwa pamoja. Tukisema "Ajali imetokea Kibaha", hapo ndipo mahali pa "happen". Tukisema "Alitokea mlangoni ghafla", Kiingereza kinataka "appear". Basi lililotokea Tanga linataka "come from". Na "tokea juzi" ni "since". Kipimo chepesi ni kujaribu kuweka "kutukia" mahali pa "kutokea". "Ajali imetukia Kibaha" inakubalika, ilhali "Alitukia mlangoni" haikubaliki, na hapo utajua kwamba "happen" haifai. Kipimo hiki hakitoshi kila mahali, kwa mfano tatizo au nafasi ya kazi ikitokea Waingereza hupendelea "arise" au "come up", lakini kitakuokoa mara nyingi.

Hatua ya pili: usikipe shamirisho, wala usikiweke katika kauli ya kutendwa

Hii ndiyo hatua inayohitaji muda. "Happen" ni kitenzi kisicho elekezi: hakipokei shamirisho, yaani mtu au kitu kinachotendwa, na kwa kuwa hakina shamirisho, hakiwezi kugeuzwa kuwa kauli ya kutendwa. Kiswahili hakina kizuizi hicho. Sisi husema bila wasiwasi "Nilitokewa na ajali", kama tunavyosema "alipatwa na msiba" au "wamefikwa na janga", na mtu aliyepatwa na jambo ndiye anayekuwa kiima cha sentensi. Mwandishi akihamisha muundo huo jinsi ulivyo, hupata "I was happened by an accident", sentensi ambayo kwa Kiingereza haipo kabisa.

Kosa la pili ni "The accident was happened yesterday", na hili lina chanzo tofauti. Mwanafunzi amefundishwa kwamba kiima kisichotenda jambo hudai kauli ya kutendwa. Anaona kwamba ajali haikujitenda yenyewe. Anahitimisha kwamba lazima "was" iwepo. Hoja yake ina mantiki, ila kitenzi chenyewe hakiikubali. Sentensi sahihi ni "The accident happened yesterday", basi.

Mtu aliyefikwa na jambo huingia mwishoni, akitanguliwa na kihusishi "to": "Something terrible happened to him". Hata hivyo, kwa ajali Kiingereza cha kawaida huchagua njia fupi zaidi, "I had an accident". Zingatia pia kwamba "What happened to…?" mara nyingi hudokeza kuharibika au kupotea. Ukimuuliza mtu "What happened to your leg?" utaonekana unamjali, ukimuuliza "What happened to your hair?" baada ya yeye kutoka saluni, umemwambia kwamba nywele zake zimepatwa na balaa.

Hatua ya tatu: tambua maana ya nasibu

Ndani ya "happen" kuna neno la kale "hap", lenye maana ya bahati au nasibu, ambalo Kiingereza kililichukua kutoka lugha ya kale ya Skandinavia. Neno hilohilo limo katika "perhaps", "mishap" na hata "happy". Ndiyo sababu "happen" kikifuatwa na "to" na kitenzi kingine, hakizungumzii tena tukio bali kutokukusudia: "I happened to meet her in Kariakoo" maana yake nilikutana naye Kariakoo kwa bahati tu, bila kupanga. Kiswahili cha vitabuni kina "kusadifu" kwa kazi hii. Katika muundo huu "happen" ndicho kinachobeba wakati, na kitenzi kinachofuata hubaki katika umbo lake la msingi. Kwa hiyo tunaandika "happened to see", kamwe si "happened to saw".

Muundo huu una adabu yake. "Do you happen to know where the post office is?" ni swali laini kuliko "Do you know…?", kwa sababu linamwachia anayeulizwa nafasi ya kujibu hapana bila kuona haya. Ni kama sisi tunavyosema, "Samahani, huenda ukawa unafahamu posta ilipo?"

Hatua ya nne: kitofautishe na "occur" na "take place"

Kwa jambo lililopangwa, tumia "take place", ambayo inalingana vizuri na "kufanyika". Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964 "took place"; tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 "happened", au katika ripoti rasmi "occurred". Harusi, kikao na uchaguzi huandikwa vizuri zaidi kwa "take place".

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tunasema "What happened?" na si "What did happen?", wakati kanuni ya maswali inadai "did"?

Jibu: Marahaba. Kanuni hiyo hutumika pale neno la kuuliza linapokuwa si kiima. Hapa "what" yenyewe ndiyo kiima, kwa hiyo "did" haihitajiki. "What did happen?" ipo, lakini ni ya kusisitiza: umekanusha mambo matatu, nami nakuuliza, sasa ni lipi hasa lililotokea?

Swali: Mwalimu, naweza kuanza taarifa kwa "There happened an accident"?

Jibu: Inaeleweka, lakini si Kiingereza cha leo. Andika "There was an accident".

Swali: Nilivunja glasi ugenini, mwenyeji akaniambia "These things happen". Je, alinisema?

Jibu: La, alikufariji, ndugu yangu. Angekuwa Mswahili angekuambia ajali haina kinga.

Swali: "It happened to me that I had forgotten the key" ni sahihi?

Jibu: Ukitaka kusema kwamba wazo lilikujia, kitenzi chake ni "occur": "It occurred to me that I had forgotten the key". Hapa "happen" hakiwezi kushika nafasi hiyo.

Swali: Naomba kuuliza tahajia. Ni "happened" au "happenned"?

Jibu: Ni "happened", kwa "p" mbili na "n" moja, na vivyo hivyo "happening". Kwa vitenzi vya silabi mbili vinavyoishia kwa irabu moja na konsonanti moja, konsonanti hiyo ya mwisho hurudiwa mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, kama katika "occurred" na "beginning". Katika "happen" mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, hivyo "n" inabaki moja.