Kutoka Baraza la Madiwani hadi Bungeni: Mwongozo kwa Diwani wa Kigoma Ujiji

Diwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji anayetamani ubunge anaweza kujifunza mengi kwa John Major wa Uingereza. Alichaguliwa diwani wa Lambeth, kusini mwa London, mwaka 1968, akaongoza kamati ya nyumba, akaupoteza udiwani mwaka 1971, akashindwa ubunge mara 2 katika mwaka mmoja wa 1974, na ndipo mwaka 1979 akashinda jimbo la Huntingdonshire. Mwaka 1990 alikuwa Waziri Mkuu, naye hakusoma chuo kikuu. Ibara ya 67 ya Katiba yetu ya Tanzania nayo haidai shahada: inamtaka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama cha siasa.

Kwanza, omba kamati ya kudumu inayogusa shida kubwa ya wakazi wako, kisha ijue kuliko mtu yeyote barazani. Hapa ndipo ninapowasihi madiwani vijana wasiwe na haraka, kwa sababu hotuba husahaulika lakini hesabu hubaki. Chukua mfano wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Andika katika daftari ni vikundi vingapi vya kata yako vimekopeshwa, kwa shughuli gani, na vingapi vimerejesha. Kisha lisome jibu hilo mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake, na utunze muhtasari. Mtu aliyezoea kuhoji hesabu kwa namna hiyo atakuwa na kazi ya kufanya tangu siku ya kwanza akipangwa katika Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Pili, vuka mipaka ya kata. Diwani wa Gungu asiyefahamika Katubuka wala Buzebazeba bado ni mgeni jimboni, na kampeni ni fupi mno kuuondoa ugeni huo.

Tatu, jenga imani ndani ya chama mapema. Uingereza huruhusu mgombea binafsi, ambaye huhitaji saini za wapiga kura 10 na dhamana ya pauni 500, inayorudishwa akipata zaidi ya asilimia 5 ya kura. Kwetu mlango huo haupo.

Jambo la mwisho lipimwe kwa makini. Theresa May, naye aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa diwani wa Merton, London, kuanzia mwaka 1986 hadi 1994, na aliposhindwa ubunge wa North West Durham mwaka 1992 aliendelea na udiwani wake, kisha akashinda ubunge wa Maidenhead mwaka 1997. Kwetu madiwani na wabunge huchaguliwa siku moja, hivyo anayewania ubunge huuacha udiwani kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua fomu, mwandae mtu wa kuipokea kata na umkabidhi daftari na mihutasari yote. Ukishinda, mtakutana tena barazani, kwani mbunge wa jimbo ni mjumbe wa halmashauri yake.