Kabla Hujageuza Vizio vya Densiti Kubwa Mno

Kijana aliyemaliza kidato cha sita hapa Kigoma na fizikia yake anajua kugeuza gramu kwa sentimita ya ujazo kuwa kilo kwa mita ya ujazo: unazidisha kwa 1,000, basi. Kazi inamsubiri chuoni, siku atakapofungua mada ya nyota za nyutroni, yaani mabaki yaliyobanana mno ya nyota kubwa zilizolipuka, na kukuta vitabu vitatu vimetaja densiti ya kitu kilekile kwa namba zisizofanana hata kidogo. Ningependa afike huko akiwa tayari.

Kabla ya kugusa kikokotoo, uliza kinachohesabiwa ni nini. Wanaastronomia wengi wamezoea gramu na sentimita, ilhali vitabu vya shule vinashika kilo na mita. Hao wote wanapima masi. Lakini watu wa fizikia ya kiini cha atomu mara nyingi huhesabu idadi: protoni na nyutroni ngapi zimo ndani ya femtomita moja ya ujazo. Wengine hutaja nishati, yaani megaelektronivolti (MeV) kwa femtomita ya ujazo. Kutoka idadi kwenda masi lazima ujue masi ya chembe moja, na kutoka nishati kwenda masi lazima ugawanye kwa mraba wa kasi ya nuru. Asiyelibaini hilo mapema atazidisha na kugawanya mpaka usiku bila kufika, na vigeuzi vingi vya mtandaoni havitamsaidia kwa sababu havina vizio hivyo.

Fanya zoezi moja kwa mkono ulielewe vizuri. Ndani ya kiini cha atomu nzito mna chembe (protoni na nyutroni) 0.16 hivi kwa kila femtomita ya ujazo. Femtomita ni mita 10⁻¹⁵. Ikipandishwa kipeo cha tatu inakuwa 10⁻⁴⁵, na kipeo hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ina chembe 1.6 × 10⁴⁴. Kila moja ina masi ya kilo 1.67 × 10⁻²⁷. Zidisha, unapata kilo 2.7 × 10¹⁷ kwa mita ya ujazo, au gramu 2.7 × 10¹⁴ kwa sentimita ya ujazo.

Sasa pitia njia ya nishati. MeV 1 ni sawa na kilo 1.78 × 10⁻³⁰, hivyo MeV 1 kwa femtomita ya ujazo ni kilo 1.78 × 10¹⁵ kwa mita ya ujazo. Namba hiyo iandike kwenye jalada la daftari. Protoni au nyutroni moja ina MeV 939 hivi, mara 0.16 ni 150. Zidisha 150 kwa ile namba ya jaladani na utarudi palepale, 2.7 × 10¹⁷. Njia mbili zikikutana namna hii, unaweza kuliamini jibu.

Jiwekee pia alama za njiani, zote kwa kilo kwa mita ya ujazo: maji 1,000, osmiamu, metali nzito kuliko zote, 22,600 hivi, kitovu cha Jua kama 150,000, nyota kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha mafuta yake) kama Sirius B, karibu 10⁹. Zaidi ya hapo akili haina pa kushika, na kosa la mara elfu linapita bila kustukiwa. Mimi hulitumia ziwa letu. Tanganyika ina maji kilomita za ujazo 18,900 hivi, yaani kilo 1.9 × 10¹⁶. Yangebanwa kufikia densiti ya kiini cha atomu, maji yote kuanzia Burundi hadi Zambia yangeenea kwenye lita 70, madumu matatu na nusu ya lita ishirini. Ukipata lita 70,000, ujue umechukua 10¹⁴ ya gramu na sentimita ukaifanya ya kilo na mita.

Kikokotoo nacho kina mipaka. Vingi vya wanafunzi havishiki namba iliyo chini ya 10⁻⁹⁹. Ukitafuta densiti ya Planck, yaani masi ya Planck kugawanya kwa urefu wa Planck kipeo cha tatu, urefu huo wa mita 1.6 × 10⁻³⁵ ukipandishwa kipeo cha tatu unaangukia 10⁻¹⁰⁵. Mashine inaonyesha sifuri, na ukigawanya inakataa. Vipeo vijumlishe pembeni kwa kalamu, mashine iachie 1.6 peke yake. Jibu ni kama kilo 5 × 10⁹⁶ kwa mita ya ujazo. Na kwenye kitufe cha EXP, kumi tayari imo: anayebonyeza 10 EXP 17 ameandika 10¹⁸.

Mwisho ni tarakimu. Nyota ya nyutroni yenye masi ya Jua mara 1.4 na nusukipenyo cha kilomita 12 ina densiti ya wastani ya kilo 3.8 × 10¹⁷ kwa mita ya ujazo. Punguza nusukipenyo kilomita moja tu, densiti inapanda kwa asilimia 30 hivi. Kwa kuwa vipimo vyenyewe vya nusukipenyo bado vinapishana kwa kiasi kama hicho, andika tarakimu mbili, zile nane nyingine za kwenye kioo ziache hukohuko.