Unataka kuwa msanifu wa mandhari? Anza na mimea ya mtaani kwako

Usanifu wa mandhari unafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na chuo kikuu cha JKUAT kule Juja, Kenya. Chuoni utajifunza kuchora, kupima miinuko na kuongoza maji ya mvua. Mimea yenyewe inahitaji miaka mingi ya kuitazama, kwa hiyo usisubiri barua ya kuitwa chuo.

Tafuta daftari. Kila wiki chagua mimea miwili ya karibu, andika jina la hapo kwenu na la kisayansi. La kisayansi ni lazima: jina la mtaani hubadilika mji hadi mji, na kitalu kinaweza kukuuzia mti mwingine kabisa. Jua likiwa utosini, pima kivuli kwa hatua. Huo ndio upana wa matawi. Tazama nyufa za saruji ziko umbali gani kutoka shinani. Mkrismasi uliokomaa hutandaza matawi mita 10 na zaidi, na mizizi yake hupita juujuu. Usiuchore mita 2 kutoka ukutani hata mteja akiyalilia yale maua mekundu.

Kisha panda kwa mikono yako, masika yanapoanza. Chimba shimo lenye upana mara mbili au tatu ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshwa mche, kina sawa na kiriba. Lijaze maji, yakiwa bado yametuama kesho yake, panda kwenye tuta la sentimita 30 au chagua mti unaovumilia maji. Chana kiriba chote ukitupe. Mizizi iliyojizungusha ikate au ikunjue, la sivyo itaendelea kuzunguka na kuukaba mti miaka baadaye. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikae usawa wa ardhi: ukiifukia, gome huoza taratibu na mti hufa wakati umeshasahau kosa lako. Tandaza majani makavu sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Udongo nao uulize kabla ya kuchora. Machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, yalibaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipoanza kuyafufua mwaka 1971, alijaribu aina 26 za miti, zikapona 3 tu. Mvinje ndio uliobeba kazi, kwa sababu bakteria wa kwenye mizizi yake huupatia nitrojeni kutoka hewani. Ila majani yake yana tanini nyingi, kemikali inayochelewesha kuoza, yakarundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wakayala na kuyageuza mboji. Hapo msitu ukapata udongo wake. Yeyote anayependa kazi hii na aende akauone.

Sasa chora bustani moja halisi, hata ya shule au msikiti wa jirani, kwa skeli ya 1:100. Kila mti upewe duara la upana wake wa utu uzima, si wa siku ya kupandwa. Wa mita 8 ni duara la sentimita 8. Mteja atalalamika kwamba pako wazi mno. Usimsogezee miti. Mjazie nafasi kwa maua ya kana na mipapai, ving'olewe vivuli vitakapokutana.