Kabla hujawafungulia watu programu yako

Upimaji wa programu una maswali mawili, na ukijibu moja tu utaumia. La kwanza: inafanya kazi iliyoagizwa? Ukibonyeza "Lipa", malipo yanaingia? La pili: inaifanyaje? Kwa kasi gani, watu wangapi wakiwa ndani, na mwenye nia mbaya akiichokonoa inakuwaje?

La kwanza wengi wanalijua. Kila hitaji liwe na kipimo chake, jaribu na makosa ya makusudi (herufi penye namba, fomu tupu), na msimbo (maandishi yanayoiendesha programu) ukiguswa, rudia vipimo vya zamani. Basi.

La pili ndilo lililonikomesha. Tulijenga mfumo wa kusajili watu kwenye mafunzo. Vipimo vyote vya kazi vikapita, tukapongezana. Hifadhidata ya majaribio ilikuwa na watu 200 niliowaingiza mwenyewe, wengine nikiwaita "aaa" na "bbb". Ya kweli ilikuwa na rekodi zaidi ya 300,000, na safu ya namba za simu, tuliyomtafutia kila anayeingia, haikuwa na faharasa, ile orodha inayoonyesha kila namba iko wapi. Yaani kumpata mtu mmoja, hifadhidata ilipekua rekodi zote. Kwa watu 200 huoni kitu. Asubuhi ya usajili, mamia walipoingia kwa pamoja, ukurasa uliganda. Nao wakafanya ambalo hata mimi ningefanya: wakabonyeza tena. Wapo waliosajiliwa mara tatu. Uzito wa mfumo ulizaa kosa la kazi, lile lile ambalo vipimo vyetu viliapa kwamba halipo.

Kwa hiyo data ya majaribio ilingane kwa wingi na ya kweli, ila iwe ya kutunga. Siri za watu ziache. Usiandike "mfumo uwe na kasi", hilo halipimiki. Andika: ukurasa ufunguke ndani ya sekunde 2, watumiaji 500 wakiwa ndani. Wastani nao ni mwongo: tisa wakisubiri sekunde 1 na wa kumi 21, wastani ni 3, na hakuna aliyesubiri 3.

Kitufe kizimike kikishabonyezwa, na seva nayo ikatae ombi la pili. Zima seva katikati ya malipo uone inavyoamka. Nakala rudufu irejeshe kweli, usiridhike kwamba ipo. Jaribu simu ya zamani, mtandao wa kusuasua. Na siku ya kufungua, mwenye uwezo wa kurudisha toleo la jana asiwe safarini.