SOMO: Kuosha bastola ya fataki ukitoka uwanjani (soma kabla ya kunitumia ujumbe)

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Bastola yangu ya baruti nyeusi imeingia kutu, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Ninayo nakala ya Colt 1851 Navy, bastola ya kizamani yenye silinda ya chemba sita, iliyotengenezwa Italia. Kila chemba inawashwa na fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka nyundo ikikigonga. Nipo Uingereza, na wengi wetu huku tumeangukia kwenye hizi kwa sababu bastola zilipopigwa marufuku mwaka 1997, zile za kushindilia baruti na risasi kwa mbele ziliachwa, mradi una cheti cha polisi. Mchezo wenyewe ni mtamu: moshi mweupe, mlio mzito, unashindilia chemba moja moja bila haraka. Ila una kodi yake, na kodi hiyo inalipwa sinki la jikoni siku hiyo hiyo.

Kwa nini siku hiyo hiyo? Baruti nyeusi ni shura (potasiamu nitreti) asilimia 75, mkaa 15, salfa 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi, inakuwa chembe ngumu zenye chumvi: nyingine zinatoka kama ule moshi mweupe, nyingine zinabaki masizi. Chumvi hiyo inavuta unyevu hewani. Ukilala nayo, asubuhi unaamka na kutu.

1. Hakikisha ni tupu. Fataki zote zimetoka, chemba zote sita unaona ndani. Kama kuna chemba haikulipuka, usiondoke nayo uwanjani, mwite msimamizi.

2. Toa kabari, kile kipande bapa cha chuma kinachoushikilia mtutu. Vuta nyundo nusu, bonyeza ulimi wa springi, gonga kwa nyundo ya plastiki au kipande cha mti. Chuma kwa chuma hapana. Mtutu ukigoma kutoka, zungusha silinda hadi wenzo wa kushindilia ukae juu ya ukuta kati ya chemba mbili, usukume taratibu. Utachomoka wenyewe.

3. Fungua kishikio cha mti, weka mbali na maji.

4. Maji ya moto na sabuni ya vyombo. Si petroli, si dizeli, si yale mafuta ya kopo la kupuliza. Masizi haya yanayeyuka kwenye maji. Ukiyapaka mafuta ya petroli unatengeneza lami. Maji yakigusa silinda utasikia harufu ya mayai viza. Ni salfa hiyo, usishtuke, fungua dirisha. Brashi ndani ya mtutu, brashi kila chemba, badilisha maji mpaka yawe meupe.

5. Chuchu. Hapa tulieni.

Chuchu ni vile vichupa vidogo sita nyuma ya silinda ambavyo fataki inavikwa juu yake. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naziosha zikiwa palepale. Napitisha brashi, nafuta, napaka mafuta, naona silinda inang'aa, nafurahi. Baada ya miezi kama mitano nikataka kuzifungua: nne zikatoka, mbili zikagoma. Nikakaza spana kwa hasira. Moja ikalika kona, nyingine ikakatika, shina likabaki kwenye uzi. Nilipomulika tochi kwenye tundu la zile zilizotoka, nikaona ukoko wa kahawia umeng'ang'ania pande zote, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nje ilikuwa inang'aa muda wote huo. Silinda ile haikupona, nilinunua nyingine.

Kwa hiyo: zifungue zote sita KILA mara. Tumia spana inayokaa sawasawa, spana legevu ndiyo inayokula kona. Ikigoma, iloweke kwenye maji ya moto na sabuni, ikaushe, tia mafuta ya kupenyeza, uiache usiku kucha. Usilazimishe. Sugua uzi kwa mswaki mkuukuu, pitisha waya mwembamba kwenye tundu la moto. Ukirudisha, paka grisi ya shaba kidogo sana kwenye uzi, kaza kwa vidole tu. Na tafadhali usiifyatue bila fataki kwa kuchezea sebuleni: nyundo inaponda midomo ya chuchu, halafu unakuja kulalamika fataki hazikai.

6. Kausha. Kitambaa, kisha draya ya nywele mpaka chuma kiwe cha moto mkononi.

7. Mafuta mepesi, safu nyembamba, kingali na joto.

8. Rudisha kila kitu. Kabari iingie mpaka mtutu usicheze na silinda izunguke huru. Silinda ikikwama, umeigonga kupita kiasi.

MASWALI

— Mkuu mimi niliiacha wiki mbili, nikipuliza mafuta ya kopo tu si inatosha?
Hatua ya 4. Imeandikwa.

— Sijasoma yote ni ndefu, ila kuna hii baruti ya kisasa isiyo na moshi, haichafui. Kwa nini usitumie hiyo kupunguza kazi?
Ndugu yangu, hili silijibu kwa mkato. USITUMIE. Shinikizo la baruti isiyo na moshi ni jingine kabisa, silinda hizi hazikujengwa kulibeba. Itapasuka mkononi mwako, au usoni kwa jirani yako. Ukiona kuosha ni kazi kubwa, tafuta mchezo mwingine.

— Nikija Dar Desemba naweza kuiweka kwenye begi? Si ni ya kizamani tu?
Hapana. Bongo silaha ni silaha na leseni ni lazima. Usijitafutie kesi.

— Shikamoo kaka. Mimi niko Mombasa, sina bastola, napenda tu kusoma. Umesema mafuta ya petroli yanafanya lami. Je, mafuta ya nazi?
Marahaba dada, swali zuri sana. Mafuta ya mimea na ya wanyama yanaelewana na baruti nyeusi, masizi yanabaki laini. Ndiyo maana wengi tunafunika risasi kwenye chemba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Nazi inafaa, ila inayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Huku baridi inaganda vizuri. Kiangazi inachuruzika hadi kwenye baruti. Ichanganye na nta. Kwenu Mombasa nta iwe nyingi zaidi.

— Fataki si zile za sikukuu? Mbona mnaita kofia za bunduki fataki?
Kamusi za zamani zinayo maana hiyo. Bunduki ya gumegume ilikuwa ya jiwe, iliyoifuata ikawa ya fataki. Na gobori mnalijua, la kushindilia kwa mdeki. Hatukuhitaji kutunga maneno, wazee wetu waliyatumia.

— Niko Ohio. Vipande vya fataki vinadondokea ndani ya mtambo, nyundo inakwama kila raundi ya pili. Dawa niliyoipata: ukivuta nyundo elekeza mtutu juu, kipande kinaangukia nje.
Kweli inasaidia. Ila hiyo ni kwa uwanja unaoruhusu. Kwetu mtutu hautoki kwenye mstari wa shabaha, kwa hiyo mimi nainamisha upande wa kulia. Na kagua chuchu: zilizopondeka midomo ndizo zinazopasua fataki vibaya. Zako zina muda gani?

— Hazijawahi kufunguliwa tangu ninunue.
Zifungue leo, mkuu. Ukiona zinagoma simama hapo hapo, loweka, halafu nitumie picha.