Jinsi ya kumlilia mtu mwenye dimenshia akiwa bado yuko hai

Kama unauguza mtu mwenye dimenshia, yaani ubongo unadhoofika na mtu anapoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kidogo kidogo, awe mzazi, mume, mke au ndugu, kuna jambo ambalo labda hakuna aliyekwambia wazi, kwamba we tayari uko msibani. Mtu wako anakula, analala, saa nyingine anacheka kabisa, lakini yule uliyekuwa unamwomba ushauri, aliyekuwa anakupigia simu kukuuliza kama umefika salama, anaondoka kidogo kidogo, na hakuna anayekuja kukupa pole maana hakuna aliyefariki. Ukilia unaambiwa mshukuru Mungu bado unaye. Ni kweli unaye, na ni kweli pia umeshampoteza, na mateso mengi yanakuja pale unapojilazimisha uchague ukweli mmoja uutupe mwingine.

Usichague. Kuna mtaalamu wa familia wa Marekani anaitwa Pauline Boss, yeye miaka ya 1970 alikaa na familia za wanajeshi waliopotea vita vya Vietnam, watu ambao mwili haujaonekana kwahiyo familia haijui ilie au iendelee kusubiri. Baadaye akaona kwenye dimenshia ni kinyume chake, mwili upo pale kwenye kiti, mwenyewe ndo haonekani. Na alichokuwa anasisitiza ni kwamba kuchanganyikiwa kwako hakutokani na wewe kuwa dhaifu au imani yako kuwa ndogo, hali yenyewe ndo haina mwanzo wala mwisho unaoeleweka, na mtu yeyote akiwekwa humo atachanganyikiwa. Kwahiyo acha kabisa kujiuliza "mbona wenzangu wanaweza". Hawawezi, wanajikaza tu.

Cha kwanza cha kufanya ni kutaja kilichoondoka, kimoja kimoja. Ukisema tu "nimempoteza baba" huzuni inakuwa kubwa mno hata hujui uishike wapi. Fungua sehemu ya kuandikia kwenye simu yako uandike vitu vyenyewe: hatakumbuka tena bethidei yangu, hataweza tena kusimamia hesabu za nyumba sasa ni mimi, hatanitania tena kwa lile jina ambalo yeye peke yake ndo alikuwa ananiita. Na vya kwako pia viandike bila aibu, usingizi, kazi uliyoacha au uliyopunguza, mipango mliyokuwa nayo wewe na mwenzio ya kuzeeka pamoja. Kila kimoja kina kilio chake, na ukikilia kwa jina lake kinapungua uzito, sio kwamba kinaisha. Halafu upande wa pili andika vilivyobaki, maana vipo, labda bado anaimba, bado anapenda kushikwa mkono, bado anasema asante. Hiyo orodha utakuwa unairudia kila baada ya muda kwa sababu ugonjwa nao hausimami sehemu moja.

Cha pili, ujue ugonjwa wake unafanyaje kazi, maana ukishaujua unaacha kugombana na mgonjwa. Dimenshia sio ugonjwa mmoja. Alzheimer ndo nyingi zaidi, kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote, na mara nyingi inaanza kuharibu sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ile inayohifadhi mambo mapya, ndo maana hakumbuki kama amekula dakika kumi zilizopita lakini anakusimulia ujana wake bila kukosea. Ipo inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, hii kumbukumbu inaweza kubaki nzuri tu mwanzoni ila tabia ndo inabadilika, mtu mpole anakuwa na matusi au hajali tena uchungu wa mtu, na kwa maoni yangu hii ndo ngumu kuliko zote kwa familia kwa sababu unaona kama anafanya makusudi. Hafanyi makusudi. Nyingine, inayoitwa dimenshia ya Lewy, inapanda na kushuka, leo yuko vizuri anaongea kama zamani kesho hayupo kabisa, na zile siku nzuri zinaumiza kwa namna yake maana matumaini yanarudi halafu yananyang'anywa tena. Siku ya hivyo ikija ifurahie siku hiyohiyo, mwambie uliyotaka kumwambia, kaa naye, lakini usianze kusema amepona.

Tuje kwenye lile linalouma kuliko yote, siku asipokutambua. Siku moja nilikuwa namfunga mama yangu vifungo vya sweta, akanitazama usoni kwa upole kabisa akaniuliza, "Mwanangu, mama yako hajambo?" Nikamjibu hajambo, anakusalimu sana. Akafurahi, akasema na yeye nimfikishie salamu zake, akaninyooshea mkono wa pili nimalizie kumvalisha. Jikoni nililia sana. Ila kumkatalia pale, kumwambia mama ni wewe, hunijui mimi, kungempa hofu na aibu bila kunirudishia chochote. Hivyo hivyo na mgonjwa anayemuulizia mama yake aliyefariki zamani, ukimwambia alishafariki anaupata msiba upya, na akisahau akauliza tena unampa msiba mwingine. Muulize wewe, "mama alikuwa anapenda nini?", umwache asimulie. Sio uongo wa kumdhuru, unamfuata pale alipo.

Na usiseme hakuna haja ya kwenda kumuona kwa sababu atasahau ukitoka mlangoni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha, baadaye kidogo wagonjwa wakawa hawakumbuki sana walichokiona lakini ile huzuni au furaha ikawa bado imo ndani yao. Kwahiyo nusu saa ya kumpaka mafuta mikono na kumwimbia haipotei hata kama jina lako limepotea. Na ukali pia haupotei, ndo maana ukijiona umefika mwisho wa uvumilivu toka nje kwanza, hakikisha tu yuko salama, vuta pumzi, rudi.

Kuna jambo watu wanaona haya kulisema, unaweza ukafika mahali ukatamani yaishe. Unamtazama anavyoteseka, unajitazama wewe, linakuja wazo kwamba bora apumzike, halafu unajichukia wiki nzima. Wazo hilo linawajia wauguzaji wengi sana wenye mapenzi ya kweli, na kutamani mateso yaishe sio kumtakia mtu kifo. Mtafute mtu mmoja asiyekuhukumu umwambie hivyo hivyo lilivyo, rafiki, kaunsela, kiongozi wako wa dini, au grupu la watu wanaouguza wenzako, hawa wa mwisho hata hutahitaji kuwaeleza sana. Ila kama wazo limegeuka kuwa la kujidhuru wewe au kumdhuru yeye, au unaona kila siku huna hamu na chochote, hulali, huli, basi usisubiri, nenda kwa daktari ukiwa mgonjwa na wewe, sio kama msindikizaji.

Ndugu nao. Huyu anasema mama hana shida ni uzee tu, yule anataka apelekwe kwenye kila tiba anayoisikia, mwingine haji kabisa na akija anatoa amri. Mara nyingi sio roho mbaya, kila mmoja yuko hatua tofauti ya msiba uleule, anayekataa kuamini bado anaogopa, na wewe unayemuogesha kila siku umeshavuka hapo zamani. Usipoteze nguvu kuwalazimisha waone unavyoona wewe. Mwombe daktari aongee na wote kwa pamoja, hata kwa simu, halafu kila mtu apewe kazi inayoeleweka, nani anakaa naye Jumamosi, nani analipia dawa, nani anafuatilia kliniki. Mtu akikaa naye kutwa nzima peke yake anaelewa zaidi kuliko ungemweleza mwezi mzima.

Angalizo moja muhimu: sio kila kushuka ni dimenshia inaendelea. Akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, amechanganyikiwa zaidi, analala mno au ana vurugu ambazo hakuwa nazo, mpeleke hospitali haraka. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya, na hivyo vinatibika. Nimetaja hili humu kwa sababu mtu aliyezoea kupoteza anaweza akakubali tu na hili nalo akaanza kulia, kumbe lilikuwa la kutibu.

Na siku akifariki kweli jiandae kwa mambo mawili. La kwanza ni ahueni, utashtuka kwamba unapumua, na ahueni hiyo inaweza kuja pamoja na machozi bila kuyapunguzia ukweli. La pili, watu watadhani ulishamaliza kulia miaka yote ile, kumbe unaanza upya, tena unamlilia na yule wa zamani ambaye ugonjwa ulikuwa umemfunika. Ongea juu yake wa zamani, toa picha za kabla ya ugonjwa, waombe waliomjua ujanani wakusimulie. Ukiona imepita miezi 6 au zaidi na uchungu bado unakuzuia kuishi siku yako karibu kila siku, madaktari wanaitambua hali hiyo na kuna matibabu ya mazungumzo yanayosaidia, kwahiyo panga miadi, na ukifika waeleze kuanzia siku ugonjwa ulipoanza, sio kuanzia siku ya mazishi.